Kitabu cha Waliovuka

Arua, 20 Septemba 1977

Redio imesema mchana. Nilikuwa nje nasugua masufuria, nikasikia randa ya Baba, ambaye ni seremala, ikisimama katikati ya ubao, na Baba hasimamishi randa katikati ya ubao. Serikali imepiga marufuku makanisa. Wakatoliki waendelee, Kanisa la Uganda liendelee, Waorthodoksi waendelee, Waislamu pia. Wengine wote wafunge milango.

Sisi ndio wengine wote.

Naandika nyuma ya daftari la jiografia kwa sababu kwa mdomo sauti haitoki. Mwalimu aliwahi kuniita mbele ya darasa nisome, nikasimama mpaka kengele ikalia. Nilianza kusoma kwa Kifaransa, kwenye shule ya wakimbizi, kisha nikaingizwa Kiingereza kwenye shule ya serikali. Kiswahili sikufundishwa na mtu. Ni lugha ya Baba ya kusalia, na ni lugha ya wanajeshi ya kuamrishia. Nikiisikia nyumbani natulia, nikiisikia barabarani naharakisha hatua. Naandika kwayo. Sina nyingine ya kuogopea.

21 Septemba

Baba amekishusha kibao cha kanisa akakifanya benchi, maandishi yakitazama chini. Mama amelikalia akachambua maharage. Hakuna aliyecheka.

25 Septemba, Jumapili

Hakuna ibada. Wazee wa makanisa yaliyofungwa wameambiwa waripoti ofisi ya serikali kila asubuhi, na Baba ni mmoja wao, kwa kuwa ndiye karani wa kanisa letu. Alasiri akaja Mzee Camille, anayeuza chumvi sokoni. Hakukaa. Alisema jambo moja tu: kitabu kichomwe.

Kitabu kile ni kizito, jalada la ngozi nyeusi, kona za shaba. Alikuja nacho Mama Solvei, mmishonari wetu, kutoka Amerika. Babu zake walikuwa watu wa Norway waliopanda meli wakaenda kulima Dakota, mahali pasipo na mti hata mmoja, wakajenga kanisa la mabonge ya udongo yenye majani. Humo waliandika maisha yao yote: nani kabatizwa, nani kaoa, nani kafika na barua ya mchungaji wake kutoka kijiji gani, mtoto wa nani kafa na kwa ugonjwa upi. Baadaye watoto wao wakahamia mijini, kanisa likafungwa, kurasa nyingi zikabaki tupu. Mwaka sitini na nne, Wasimba, wale waasi wa Kongo, walipotufukuza Bunia, watu wetu walivuka mpaka bila hata karatasi. Mama Solvei akakaa chini ya turubai, akafungua zile kurasa tupu, akaanza kutuandika sisi. Kwa hiyo unaona Halvor, Gunhild, Tollef, Ragna, unageuza ukurasa, unaona Gaspard, Camille, Jacques. Alipoondoka, macho yakiwa yameharibika, alisema kitabu kibaki Arua, maana sasa kina watu wetu.

Mimi nimo. Elise, miaka miwili, alifika na surua. Mstari wa juu yangu ni dada yangu Sidonie. Miaka minne, alifia njiani, hana kaburi. Nyumbani jina hilo halitajwi.

“Gaspard,” Camille alisema, “bakiona majina ya bazungu kurasa na kurasa, batasema ni mamluki. Chini ya bazungu bataona sahihi yako. Unataka nikuambie kitakachofuata?”

“Nikikichoma ninachoma watu.”

“Karatasi haipigwi risasi. Wewe utapigwa.”

Baba aliinamisha kichwa. Niliona anakubali. Nami nilitaka akubali, nakiri hapa, nilitaka kiungue jioni hiyohiyo. Mama akasema bila kuinua macho kwenye maharage:

“Mutoto wangu iko mule tu. Hana pahali pengine.”

Camille akachukua kofia yake akaenda.

28 Septemba

Askari wamepekua nyumba mbili karibu na Ombaci. Baba anaupiga randa ubao mfupi. Nimemuuliza Mama ni wa nini, akanituma maji. Nimeona urefu wake, nimejua.

30 Septemba

Mpango ni huu: kitabu kitawekwa ndani ya jeneza. Askari wa kizuizi cha barabarani hafungui jeneza la mtoto. Mama na mimi tutalipeleka Koboko kwa Mjomba Jacques, mdogo wake Mama, anayelima tumbaku karibu na mpaka. Yeye atakitoa kitabu na kukivusha Kongo akipata njia. Baba hawezi kuja, asubuhi lazima aonekane ofisini.

Simpendi Mjomba Jacques. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma. Anaongea sana, anachekesha watu, anasema aliwatimua Wasimba kwa pampu ya baiskeli. Lakini mwaka ule Mama alikuwa na kijana wa kumsaidia kubeba watoto wawili, na kijana huyo alifika Arua mbele yake, peke yake, mikono mitupu.

Koboko, 1 Oktoba

Tumefika. Hatujafa.

Tulipanda lori la magunia. Kizuizi cha pili, askari aligonga jeneza kwa ufunguo. “Nini iko ndani?” Mama akasema, “Mutoto.” Sijawahi kumsikia akisema neno hilo namna ile. Askari akavua kofia. “Pole, mama. Pita.” Nilihesabu magunia mpaka Maracha.

Halafu tukakosea. Si Baba aliyekosea peke yake, wote tulikosea. Tuliwaza kuhusu barabara tu. Hatukuwaza kuhusu kushuka. Lori liliposimama kwa Mjomba na wanaume wakalishusha jeneza, mwanamke mmoja wa jirani akaona, akapiga yowe, na yowe likapokelewa nyumba hadi nyumba mpaka ng'ambo ya mto. Kufumba na kufumbua uwanja ulijaa. Wanaume wanauliza mahali pa kuchimba. Mtu ameshaleta jembe.

Mjomba alimvuta Mama kando. “Dada, jeneza haiingiaka stoo sawa gunia ya mahindi. Itabidi tuzike.”

Nilikumbuka Mama Solvei akitusomea kwamba kule Dakota, wakati wa theluji, ardhi huwa ngumu kama chuma, na jeneza huwekwa ghalani mpaka ilainike. Koboko ardhi ni laini. Hakuna cha kusingizia.

Aliyepiga yowe la kwanza ni Mariam Poni, mama mtu mzima, Mkakwa wa hapahapa, nyumba yake inatazamana na ya Mjomba. Akaja na beseni la maji na kitambaa cheupe mkononi. Akatazama misumari.

“Nani naosha mtoto?”

Mama akaushika ukingo wa jeneza. Mjomba, ambaye hanyamazi, akawa anatazama barabara.

“Nyinyi nazika mtoto na vumbi ya barabara? Nani naosha?”

“Mimi,” nikasema.

Watu wote walinitazama. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mariam Poni alinitazama mikono, kisha uso.

“Na jina yake?”

Nilitafuta jina la kubuni, sikulipata. Mama akasema, “Sidonie.” Jembe likamponyoka Mjomba.

2 Oktoba

Wanawake wamelala hapa uani na mikeka yao. Watakaa siku za matanga. Hawawezi kufukuzwa. Kitabu kiko chini ya ardhi na sisi tumekaa juu yake tunapikiwa mihogo.

4 Oktoba

Mvua. Mariam Poni anamwita Mama “Mama Sidonie”. Tangu nikumbuke, Mama huitwa kwa jina langu: Mama Elise. Kila akiitwa Mama Sidonie anageuka haraka, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

6 Oktoba

Leo mvua ilitufungia sote jikoni, na Mariam Poni akamwambia Mama, “Toa. Ukiweka ndani itaoza.” Mama akatoa. Nilikuwa nyuma ya kuni, nikasikia kwa mara ya kwanza. Homa, barabara yenye watu na mbuzi, mvua, mtoto mgongoni. Aliimba ili mtoto asilale. Aliimba mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamwambia, “Mama, nyamaza sasa.” Hakusema ni barabara ipi. Hakuna aliyeuliza.

Alilia mpaka akatapika. Wanawake wote walilia. Mimi nililia kwa hofu, na nikaona aibu kwamba ni hofu.

9 Oktoba

Matanga yamekwisha. Tumebaki, kwa sababu kuondoka upesi kutasemwa. Sirudi shule muhula huu.

12 Oktoba

Tumbaku. Natunga majani kwenye fito pamoja na Ayikoru, binti anayelipwa na Mjomba wakati wa mavuno. Gundi ya majani inafanya vidole viwe vyeusi na haitoki kwa sabuni.

13 Oktoba

Tumbaku. Mvua.

15 Oktoba

Mvua. Naota maji yakiingia jenezani. Mchana pia naota.

17 Oktoba

Ayikoru anapenda kunichokoza kwa sababu sijibu.

“Watu nasema mtoto yenu alikuwa na ukoma, ndiyo maana nyinyi nagonga misumari mbio.”

Nilitunga jani.

“Wengine nasema alikuwa na vichwa viwili.”

Nikatunga jani lingine.

“Na wengine nasema hakuna mtoto. Wakongo naficha dhahabu.” Akacheka. “Wewe, Elise, ni dhahabu? Nipe hereni moja basi.”

Sindano iliniingia chini ya ukucha. Alidhani nimekasirika, akaomba msamaha, akanifunga kidole kwa jani.

18 Oktoba

Nilimwambia Mjomba maneno ya Ayikoru. Akasema, “Dhahabu? Na mimi navaa suruali ya viraka?” Akacheka peke yake. Usiku hakula. Anaogopa kuliko mimi. Nimemdharau kwa hilo, ingawa sina haki.

23 Oktoba

Dereva wa lori ameleta habari. Mzee Camille amechukuliwa pale pale sokoni, chumvi ikabaki mezani. Haijulikani alipo.

Camille anajua kila kitu kuhusu kitabu, ila hajui kilipo. Mama alisikia, akaenda kukaa kando ya kaburi mpaka giza.

24 Oktoba

Hakuna habari.

25 Oktoba

Hakuna habari. Tumbaku.

27 Oktoba

Mtoto wa Mariam Poni amekuja nyumbani. Jina lake Tahiru, ni sajini. Ana Landrova na miwani myeusi, na anazungumza polepole kama mwalimu mzuri. Alikuja kutoa pole, na sukari. Mama akapokea kwa mikono miwili.

“Marehemu alikuwa na miaka ngapi?”

“Minne,” Mama akasema.

“Mtoto ya mwisho?”

“Wa kwanza.”

Wa kwanza, na mimi nimesimama hapo, nina miaka kumi na mitano! Lakini Mjomba akaruka na kicheko chake: “Wa kwanza kwa uzuri, Afande! Huyu mwingine unamuona mwenyewe.” Akanionyesha kwa kidevu. Askari wawili wakacheka. Tahiru akatabasamu kidogo. Sijawahi kutukanwa nikashukuru namna ile.

Akiondoka akauliza, “Baba ya mtoto hapana kuja kuona kaburi?”

28 Oktoba

Mjomba anasema tukimbilie Kongo kesho. Mama anasema tukikimbia, watamshika Baba Arua siku hiyohiyo. Mjomba anasema na tusipokimbia?

30 Oktoba

Mvua kubwa. Fito za chini zimeota ukungu. Landrova haipo kwa Mariam Poni tangu juzi.

3 Novemba

Nitaandika yote hata mkono ukiuma.

Asubuhi tulikuwa bandani, Mjomba anachochea moto wa kukaushia, mimi na Mama tunapanga fito. Landrova ikaingia uani taratibu. Wa kwanza kushuka alikuwa Baba. Nilifurahi. Kisha nikaona hana viatu.

Tahiru akashuka nyuma yake. “Gaspard nasema mtoto yake alikufa. Mimi nauliza majirani yake Arua, hakuna mtu alisikia kilio kwa nyumba ya seremala. Mtoto nakufa kimya hivi?” Akavua miwani akaipangusa. “Camille nasema iko kitabu kubwa. Majina ya wazungu, na majina ya Wakongo nyuma yao. Gaspard nasema kitabu ilienda na mwanamke mzungu. Basi. Gaspard, onyesha mimi kaburi ya mtoto yako.”

Baba akasimama. Hakusogea. Ndipo nilipoelewa: Baba hajawahi kufika tangu tuzike. Hajui kaburi liko upande gani.

Alinitazama. Kuku walikuwa wanapekua nyuma ya banda. Nikachukua fimbo nikawafukuza, “Shh, shh, tokeni kwa kaburi,” nikaenda nao mpaka kwenye tuta, na Baba akanifuata kama mtu anayejua njia.

Tahiru akampa jembe. “Chimba.”

Baba alilishika. Uso wake ulikuwa kama ubao uliolowa. Nilimjua Baba yangu: angechimba, angekitoa, angesema ni changu peke yangu, wengine hawajui. Aliinua jembe.

Mkono ukalikamata mpini. Mkono wa Mjomba Jacques, mweusi wa gundi ya tumbaku.

“Ngoja kwanza, shemeji,” akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana. “Afande, mimi ni mjomba. Kwetu kule, na kwenu hapa, hii ni moja. Kaburi ya mutoto wa dada haifunguliwi kama mjomba hajasema ndiyo.”

“Wewe, mchekeshaji?” Tahiru akasema. “Sema ndiyo, basi.”

“Hapana.”

Tahiru akampiga kofi. Kofia ya Mjomba ikaanguka matopeni. Niliona amejikojolea. Hakuuachia mpini.

“Hapana, Afande,” akarudia, polepole zaidi.

Mariam Poni alikuwa ameshavuka njia. Hakukimbia. Alikuja na mkeka chini ya kwapa, akautandika juu ya tuta, akaketi, akanyoosha miguu kama mtu aliyekuja kupumzika.

“Tahiru, leta jembe. Anza na mimi.”

“Mama, toka. Hii ni kazi ya serikali.”

“Serikali nazaa wewe?”

Askari mmoja akatazama pembeni. Tahiru akashusha sauti. “Mama, watu hawa nadanganya wewe. Nani aliona maiti?”

Mariam Poni akanyoosha ukingo wa mkeka. Tahiru akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipata.

“Wewe. Wewe ndiye uliosha. Njoo hapa. Mtoto alikufa namna gani?”

Nilienda. Kinywa kilikuwa kikavu kama siku ile darasani, nami nilijua kwamba nikinyamaza, Baba amekufa. Nikamtazama Mama. Halafu nikaanza kusema, na sauti ilikuwa ndogo, Tahiru akainama ili asikie.

Nikamwambia alikuwa na homa. Nikamwambia mvua ilikuwa inanyesha na hatukuwa na dawa. Akauliza kwa nini hatukwenda hospitali. Nikasema, “Hatukufika.” Nikamwambia Mama alikuwa amembeba mgongoni, na mimi nilikuwa nimebebwa mbele, tulikuwa wawili. Nilisema hivyo! Nilibebwa mbele! Nikaona Baba akifumba macho. Lakini Tahiru hakukatiza, nadhani hakusikia, au alidhani hofu inanichanganya. Nikamwambia Mama alikuwa anaimba ili asilale. Nikamwambia mwanamke mmoja akasema, “Mama, nyamaza sasa.” Nikamwambia tulimfunika kwa majani.

“Majani?” Tahiru akauliza.

“Majani,” nikasema. “Hatukuwa na kitambaa.”

Hapo Mama akaanguka. Hakupiga kelele. Alijilaza kando ya miguu ya Mariam Poni, mkono juu ya tuta, akaita jina lile, na lile jina alilitia sauti ya kuita mtoto aliyeenda mbali kucheza.

Sikudanganya hata neno moja. Sikusema tu ni lini.

Mvua ilianza tena. Tahiru akavaa miwani ingawa hakukuwa na jua. Nilidhani yamekwisha. Akamwonyesha Mjomba kwa kidole.

“Huyu ameshika jembe yangu mbele ya askari wangu. Pandisha.”

Walimpandisha kwenye Landrova. Mariam Poni akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, hakugeuka. Mjomba alitoa kichwa nje ya turubai, mdomo umevimba. “Gaspard! Fito za juu bado mbichi. Usiniunguzie tumbaku.”

Baba wamemwacha hapa, amelala sasa. Nyayo zake zimechanika. Nimemdharau Mjomba Jacques tangu nipate akili. Sijui nifanye nini na hilo.

4 Novemba

Hajarudi.

5 Novemba

Hajarudi. Baba anakausha tumbaku. Hajui kazi hiyo, anachochea kila saa.

7 Novemba

Mariam Poni alikwenda kambini na chakula. Wamepokea chakula. Hawakumwonyesha Mjomba.

8 Novemba

Nilimsaidia Mariam Poni kubeba maji. Nilitaka kumwambia ukweli. Akaweka mtungi chini.

“Mimi najua,” akasema. “Toka siku ya kwanza. Wewe hapana osha mtu.”

Nami nikatua ndoo. “Kwa nini ulikaa, Mama?”

“Mama yako alikuwa nalia kweli. Mimi nasikia kilio, mimi hapana kagua kaburi.” Akajitwisha. “Sasa yangu naniuma. Tahiru hapana ongea na mimi. Twende, maji namwagika.”

9 Novemba

Mvua. Hajarudi.

12 Novemba

Hajarudi. Mama hapiki, napika mimi.

15 Novemba

Mtu amesema ameona maiti mtoni. Baba akaenda kutazama. Si yeye. Nilifurahi kwamba ni mtu mwingine. Mungu anisamehe, na yule mtu anisamehe.

19 Novemba

Amerudi.

Walimtupa kwenye njia panda, akatembea. Sikio la kushoto halisikii, na vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Mama alimwosha miguu. Hakusema mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililonitisha.

Jioni aliongea, akimtazama Mama tu.

“Banauliza kila siku mambo yaleyale. Mutoto alikufa wapi. Njiani. Alikufa na nini. Homa. Nani alikuwa nambeba. Dada yangu. Na wewe mjomba ulikuwa wapi?” Akatazama vidole vyake. “Nikabaambia. Nilikuwa mbele. Nilisikia risasi, nikakimbia, nikaacha dada na batoto wawili. Banapiga, narudia. Banapiga, narudia. Afande akasema, mutu hawezi kudanganya aibu kama hii.”

Mama aliendelea kumwosha.

“Banauliza kila kitu, Dada. Ni mwaka gani, habakuuliza.”

24 Novemba

Tahiru amehamishwa kusini. Aliondoka bila kuaga. Mariam Poni ametuletea sukari aliyoiacha.

Hakuna habari za Mzee Camille.

30 Novemba

Kule Arua wameacha kumwita Baba ofisini. Tumbaku imeuzwa, nyingi imeharibika kwa moto mwingi, Mjomba hajasema kitu.

4 Desemba, Jumapili

Mvua imekatika. Asubuhi Baba alichukua jembe akaenda kwenye tuta. Alisema usiku mwingine wa mvua utakimaliza kitabu, mchwa wamemaliza ubao tayari, anaujua ubao ule, haukuwa mgumu. Alisema leo ni siku nzuri, watu wako sokoni. Mjomba atakivusha Kongo kwa mkono uliobaki.

Mama alikuwa ameshafika kabla yake, na ndoo ya udongo wa mfinyanzi. Alikuwa anapaka tuta kwa viganja, analainisha kingo kama anavyolainisha sakafu ya nyumba.

“Mama Elise, sogea kidogo,” Baba akasema.

Hakusogea.

“Majina yote yamo,” Baba akasema. “Ya Dakota na yetu. Kikioza, nani atajua tulikuwa nani?”

“Bale ba Dakota balizika batoto babo.” Alichota udongo mwingine. “Mimi nimezika wangu Koboko. Batu balikuja. Balilia. Balileta chakula. Unataka nimfukue?”

Baba alisimama. Niliogopa, hofu mpya, si ya wanajeshi. Niliogopa kwamba wote wawili wana haki. Mjomba alikuwa mlangoni mwa banda, anatazama, hasogei mbele wala nyuma. Nilidhani Baba atamwinua Mama kwa nguvu, maana alishusha jembe begani akalishika kwa mikono miwili.

Akaanza kuchimba. Lakini hakuchimba tuta. Alianzia upande wa juu, mahali maji yanapotokea mvua ikinyesha, akakata mfereji mwembamba, kingo wima, kama anavyokata tundu la kitasa cha mlango, akauzungusha mpaka upande wa chini. Mama akapaka. Baba akachimba. Jua lilipokuwa limepanda, mfereji ulikuwa umelizunguka kaburi lote, maji yasiingie.

Sikumuuliza anakinga nini. Nikaenda kumletea maji ya kunawa.